Siagi ya Wenye Ng'ombe Watatu

Leo tuache kidogo habari za mbolea na dawa ya kupe, twende mpaka Denmark, nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya. Mwaka 1864 nchi hiyo ilishindwa vitani na Prussia na Austria, ikapoteza majimbo yake ya kusini. Halafu, katika miaka ya 1870, nafaka ya bei rahisi kutoka Marekani na Urusi ikajaa katika masoko ya Ulaya. Bei ikaanguka. Mkulima aliyezoea kuuza nafaka akabaki kushika tama.

Wengi wakageukia ng'ombe, maana Waingereza walikuwa wakinunua siagi. Lakini hapo palikuwa na kikwazo, nacho nataka ukielewe vizuri. Siku hizo maziwa yalitiwa katika vyombo vya wazi, yakaachwa yatulie siku nzima au zaidi mpaka krimu ipande juu. Tajiri mwenye kundi kubwa alikuwa na chumba cha baridi na mtu stadi wa kazi hiyo, na siagi yake ilipata bei. Wewe mwenye ng'ombe watatu je? Krimu yako haijazi hata jagi. Unangoja itoshe, huku inachacha. Kukusanya maziwa ya majirani nako hakukufaa, kwani maziwa yakishatikiswa garini krimu yake haipandi sawasawa.

Basi mwaka 1878 mafundi wawili, kila mmoja kwao, wakatoa mashine ya kuzungusha maziwa kwa kasi: Gustaf de Laval wa Sweden na L. C. Nielsen wa Denmark. Maziwa yanamiminwa mfululizo; yaliyo mazito yanasukumwa pembeni, krimu, ambayo ni nyepesi, inabaki katikati. Yawe yametikiswa au hayakutikiswa, mashine haijali.

Mashine ni ghali, lakini. Mwaka 1882, huko Hjedding, magharibi mwa Jutland, wakulima wakaungana, wakaanzisha kiwanda chao cha ushirika. Vyama vya namna hii vilikopa fedha, na wanachama wakadhamini deni lote kwa pamoja. Yaani mwenzako akishindwa, unalipa wewe. Kura nazo, katika vyama vingi, zilihesabiwa kwa vichwa vya watu, si vya ng'ombe.

Mjanja hakosekani, bila shaka. Maziwa yalipolipwa kwa uzito, maji nayo yana uzito! Mtaalamu N. J. Fjord akabuni chombo cha kupima krimu katika maziwa ya kila mtu, na malipo yakaanza kufuata krimu. Ugomvi ukapungua.

Maziwa yaliyotolewa krimu yalirudishwa kwa mwenyewe, akalishia nguruwe. Najua wengine wetu hatufugi mnyama huyo, lakini sikiliza hesabu yake. Mwaka 1887 Ujerumani ikafunga mpaka, nguruwe hai wasiingie. Mwaka huo huo wakulima wa Horsens wakafungua machinjio yao ya ushirika, wakawauzia Waingereza nyama iliyotiwa chumvi. Kufika mwaka 1900 viwanda vya maziwa vya ushirika vilikuwa vimepita 1,000.

Mlio katika kikundi cha kusikiliza, kabla hamjatawanyika, jadilianeni lile jambo la deni. Nani kati yenu angetia sahihi kwa ajili ya jirani yake?