Mizimu Iliyokataa Kufasiriwa

Mzimu wa kwanza mashuhuri katika riwaya ya Kiswahili haukuwa mzimu hata kidogo. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi la 1957–58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichochapwa mwaka 1960. Maiti yaonekana pahala pa kutambikia, watu wanatetemeka, kisha Bwana Msa, kiko mdomoni, anafichua kuwa muuaji ni mwanaadamu. Msomaji alitishwa usiku, akaliwazwa asubuhi.

Miaka thelathini baadaye liwazo hilo lilikuwa limekwisha. Euphrase Kezilahabi, naye mtu wa kisiwani, Ukerewe, alitoa *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991): vitabu vyembamba vyenye mji wa kimya, wazee wasiojibu wanaloulizwa, na dunia baada ya maangamizi. Wasomaji wengi walilalamika kuwa havieleweki. Hawakukosea sana, lakini ndotoni nani hueleweshwa?

Mwaka 1995 Popobawa alivuma Pemba na Unguja, na watu wazima, wenye elimu zao, wakalala nje kwa makundi kandokando ya mioto. Ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi. Bwana Msa hakutokea kuwafasiria.

Ndipo akaja Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, na *Babu Alipofufuka* (2001). K, mtu mwenye cheo na starehe zake, anajiwa na babu yake aliyekwisha kuzikwa. Babu haitaki roho ya mjukuu. Anataka macho yake yaone jinsi nchi ilivyofanywa. Hapa ndipo riwaya ya kutisha ilipogeuka. Mzimu wa 1960 ulisingiziwa dhambi ya mtu. Wa 2001 unamsomea mtu dhambi zake, wala hapana mpelelezi wa kuufukuza. Kinachotisha si yule aliyetoka kaburini, bali aliye hai asiyeshtuka.

Mpenzi wa ushairi asivikwepe vitabu hivi kwa kudhani ni vya wataalamu wa vyuo. Said Ahmed Mohamed na Kezilahabi ni washairi kabla ya yote, na sentensi zao huonja vizuri zikisomwa kwa sauti. Aanze na *Babu Alipofufuka*, ambacho kina njia ya kufuata, kisha *Nagona*, kwa kituo kimoja, usiku mmoja. *Mzingile* kingoje hadi *Nagona* kirudiwe mara ya pili.