Mischa Spoliansky na "Kongo" ya Sinema ya London

Mischa Spoliansky alizaliwa Białystok, katika Milki ya Urusi, mwaka 1898, katika familia ya Kiyahudi ya wanamuziki. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alipiga piano na kutunga nyimbo katika Schall und Rauch, jukwaa la kejeli mjini Berlin. Mwaka 1928 Es liegt in der Luft ilimpa sifa. Mwaka uliofuata, katika mchezo wake Zwei Krawatten, mwongozaji Josef von Sternberg alimwona Marlene Dietrich jukwaani, akamchukua katika filamu iliyomfanya mashuhuri duniani. Wanazi waliposhika dola mwaka 1933, Spoliansky alihamia London.

Huko sinema ndiyo iliyomlisha. Kazi inayomgusa zaidi msomaji wa Kongo na Afrika Mashariki ni Sanders of the River ya mwaka 1935. Mwongozaji Zoltan Korda alikuwa amesafiri barani Afrika kupiga picha na kunasa ngoma. Hata hivyo, nyimbo alizoimba Paul Robeson zilitungwa na Spoliansky kwa maneno ya Kiingereza ya Arthur Wimperis, na kijiji cha Waafrika kikajengwa Shepperton, Uingereza. Wimbo mmoja wa kubembeleza mtoto unaitwa Congo Lullaby, ilhali hadithi yenyewe imewekwa Nigeria. Mto Kongo, kama ajuavyo kila mwanafunzi wa shule ya msingi, haupiti Nigeria! "Kongo" hapo si mto wala watu. Ni neno la kuitia Afrika yoyote ile.

Robeson, aliyekuwa amesoma fonetiki na Kiswahili London, aliikubali kazi hiyo kwa tumaini la kuonyesha heshima ya utamaduni wa Kiafrika. Filamu ilipokamilika ikawa sifa kwa mtawala wa kikoloni, naye akaikana. Miongoni mwa waigizaji wadogo alikuwamo Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya baadaye.

Lawama kubwa ni ya watayarishaji, si ya mtunzi. Lakini haifichiki kwamba mtu aliyenyang'anywa jukwaa lake kwa ajili ya asili yake alilipwa kuwatungia watu wengine sauti isiyo yao.

Vita vya pili vilipozuka, redio ilimrudisha kwenye Kijerumani: alitunga nyimbo za propaganda zilizorushwa na BBC kuelekea Ujerumani, kwa kejeli ileile ya Berlin. Aliendelea na filamu, ikiwemo Saint Joan ya mwaka 1957, akafariki London mwaka 1985.