Okashana, uwele wa miezi mitatu

Kaskazini mwa Namibia uwele huitwa mahangu. Ndio ugali wa huko, na ndio kinywaji chao cha oshikundu. Mbegu za wenyeji hurefuka sana na kukaa shambani takribani miezi minne. Mvua ikikatika mapema, kama inavyokatika mara nyingi katika nchi ile kavu, mkulima huvuna makapi.

Mwaka 1987 wakulima walialikwa katika kituo cha utafiti cha Mahanene, karibu na mpaka wa Angola, wakague vipando vya aina nyingi za uwele. Waliupenda mmoja mfupi, wenye shuke nene na punje kubwa, uliokomaa kabla ya mingine. Asili yake ilikuwa iniadi, uwele wa jadi wa Togo na majirani zake. Mbegu hiyo ilikuwa imevuka bahari hadi Patancheru, India, ambako wataalamu wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kame, waliichambua, kisha ikarudi Afrika upande wa kusini. Mwaka 1990, mwaka wa Uhuru wa Namibia, uwele wa ukoo huo uliidhinishwa kwa jina la Okashana 1.

Hukomaa kwa siku 80 hadi 90. Kwa hiyo hata mvua za kwanza zikidanganya, mkulima anaweza kupanda upya akavuna. Kufikia mwaka 1997 ulikuwa umeenea katika karibu nusu ya eneo lote la mahangu nchini humo.

Una mitihani yake. Ndege huvamia shuke linalotangulia kuiva, na anayeupanda peke yake kijijini huamia ndege wa kijiji kizima. Ndiyo maana wengi hawakuitupa mbegu ya babu. Walizipanda zote mbili, ya mapema iwatoe kwenye njaa na ya kuchelewa ijaze ghala.

Lakini mtihani mkubwa uko kwenye upepo. Katika ua la uwele, sehemu ya kike hutokeza kabla ya ile ya kiume, hivyo hupokea chavua kutoka mashuke mengine, hata ya shamba la jirani. Misimu michache ikipita, uwele wa miezi mitatu huanza kuchelewa kama wa zamani.

Tanzania nayo iliidhinisha aina zake mbili za uwele, Okoa na Shibe, mwaka 1994, na sheria ya upepo ni ileile Dodoma na Singida. Mkulima mwenzetu, usingoje kuchukua mbegu ghalani. Ingia shambani kabla ya mavuno, acha mistari ya pembeni, chagua katikati mashuke yaliyotangulia kukomaa, yafunge kamba ya alama na uyapure peke yake. Na kila baada ya misimu michache, tafuta mbegu mpya.