Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou: Mlango Uliofungwa na Talanta Isiyozikwa



Wapendwa waamini, juma hili napenda tutafakari pamoja maisha ya mtawa mmoja wa Ethiopia. Jina lake halijulikani sana katika parokia zetu za Kinondoni na Temeke, ingawa sauti ya kinanda husikika humo kila Dominika. Huyu ni Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, mpiga piano na mtunzi, mtawa wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia.

Alizaliwa Addis Ababa tarehe 12 Desemba 1923, akaitwa Yewubdar. Baba yake, Gebru Desta, alikuwa msomi na mtumishi wa ngazi ya juu serikalini. Binti huyo alipofikisha umri wa miaka sita, alipelekwa Uswisi katika shule ya bweni pamoja na dada yake Senedu, na huko akajifunza fidla na piano. Alirejea nyumbani mwaka 1933. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1935, majeshi ya Italia yaliivamia nchi yake. Watatu katika jamaa yake waliuawa, na mwaka 1937 yeye na familia yake walipelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Asinara, karibu na Sardinia, kisha Mercogliano, si mbali na Napoli. Sisi Wakatoliki tusiipite habari hii haraka: waliomfanya mateka walitoka katika taifa lililojaa makanisa yetu. Historia ya kweli haituruhusu kusoma kurasa zile tu zinazotupendeza.

Baada ya vita alikwenda Kairo kujifunza kwa Alexander Kontorowicz, mpiga fidla kutoka Poland. Inasimuliwa kwamba alifanya mazoezi kwa saa tisa kila siku, akizigawa kati ya fidla na piano. Hapo tunaona jinsi ambavyo kipaji peke yake hakitoshi. Watu husikia wimbo wa dakika tano, lakini hawazioni saa elfu zilizotangulia.

Ndipo ukafika wakati aliokuwa akiungoja. Alipata nafasi ya kusoma katika Royal Academy of Music, London, na milango ya majukwaa makubwa ya Ulaya ikaonekana kuwa wazi mbele yake. Lakini alinyimwa ruhusa ya kuondoka. Huzuni ikamlemea hata akakataa chakula kwa muda wa siku kumi na mbili, mpaka akakaribia kufa. Katika hali hiyo aliomba Ekaristi Takatifu. Baada ya kukomunika alilala usingizi mrefu, akaamka moyo wake umetulia. Muda si mrefu aliacha maisha ya mjini, akaenda katika monasteri ya Guishen Mariam, katika milima ya Wollo. Aliishi huko kwa miaka kumi, akitembea miguu mitupu, bila piano.

Wapendwa, hapa ndipo penye hatari ya kuisoma vibaya habari hii. Tunaweza kusema upesi kwamba Mungu ndiye aliyeufunga mlango ule ili ampate mtawa. Tuwe waangalifu. Mlango ulifungwa na wanadamu, na lililotendwa halikuwa jema kwa sababu tu Mungu aliweza kutoa jema ndani yake. Ni jambo moja mtu aliyeumizwa kuyapokea maumivu yake kwa imani, na ni jambo jingine kabisa aliyemwumiza kujificha nyuma ya mapenzi ya Mungu. Mzazi anayemkataza mwanawe muziki kwa kuuita kazi ya wahuni asije akasema kesho kwamba hiyo ndiyo njia aliyopangiwa na Mbinguni.

Mtawa huyo hakuizika talanta yake. Alirudi kwenye piano na kutunga. Katika miaka ya 1960 alikuwa Gondar, akijifunza muziki wa kanisa ambao mapokeo ya Ethiopia huuhusisha na Mtakatifu Yared wa karne ya sita. Huko aliwaona vijana maskini waliokuja kusoma nyimbo za ibada, wakiomba chakula na kulala nje. Hakuwa na fedha ya kuwapa, bali alikuwa na muziki. Katika miaka hiyo hiyo alirekodi tungo zake nchini Ujerumani, na mapato ya rekodi zake akayaelekeza kwa wahitaji, wakiwamo watoto yatima. Ndani ya tungo hizo mafunzo ya Ulaya na sauti za kale za Ethiopia hukaa pamoja bila kimoja kukimeza kingine.

Mwaka 1984 alihamia Yerusalemu, akaishi katika chumba kidogo cha monasteri ya Waethiopia pamoja na piano yake. Mwaka 2006 mkusanyiko wa kazi zake ulitolewa nchini Ufaransa katika mfululizo uitwao Éthiopiques, na dunia ikamsikia akiwa amevuka miaka themanini. Alifariki dunia mjini humo mwezi Machi 2023, akiwa na umri wa miaka 99.

Basi tujiulize: alishindwa? Kwa kipimo cha majukwaa na makofi, labda. Lakini katika mfano wa talanta, katika Injili ya Mathayo sura ya 25, bwana hakuwauliza watumishi wake walipigiwa makofi na wangapi. Aliwauliza walichokifanya na kile walichokabidhiwa.

Katika kwaya zetu wapo vijana wanaojifunza kinanda kwa kubahatisha, bila mwalimu, kwa zamu, baada ya mazoezi ya kwaya kumalizika. Tusiwasifu Dominika tu na kuwasahau Jumatatu. Tuwatafutie walimu, tuwape muda na chombo cha kujifunzia. Mungu anaweza kuutumia hata mlango uliofungwa, lakini sisi hatukuitwa kuwa wenye kuufunga.

Mungu awabariki nyote.