Kitu Ambacho Hakipo

Mwaka 2014 niliandika programu kwa ajili ya duka la dawa la mama yangu mdogo, Morogoro. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimesoma C# kwa muhula mmoja na nusu, na nilikuwa na ujasiri wa mtu ambaye bado hajaaibika. Programu ilikuwa na madirisha matano: mauzo, stoo, wateja, madeni, ripoti. Siku ya nne ya matumizi, saa kumi na mbili jioni, watu wamejaa kwenye kaunta, binti aliyekuwa akiuza alibonyeza kitufe cha kuhifadhi na kisanduku cha kijivu kikachomoza katikati ya skrini. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Kwa Kiswahili yangesomeka hivi: rejeleo la kitu halijaelekezwa kwenye kitu chochote.

Mama mdogo alinipigia simu. "Mwanangu, mashine yako inasema kuna kitu hakipo. Kitu gani? Mbona dawa zote ziko hapa?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia azime, awashe.

Aliyewahi kuandika programu za mezani kwa lugha zinazojengwa juu ya vitu anakijua kisanduku hicho kama dereva anavyoijua pancha. Kwenye Java kina jina lake, kwenye C# kina jina lake, lakini ugonjwa ni ule ule. Mimi nilichukua miaka kadhaa kabla ya kujiuliza ulitoka wapi. Nilidhani ni tabia ya asili ya kompyuta, kama joto. Kumbe una mwaka wa kuzaliwa na una baba, na baba huyo aliomba radhi hadharani.

Lakini kwanza foleni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Kituo cha Ukokotoaji cha Norwei jijini Oslo, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl walikuwa wakitafuta namna ya kuielezea kompyuta mambo yanayotokea duniani kwa pamoja: viwanda, bandari, watu wanaosubiri huduma. Nygaard ndiye aliyekuwa na kiu ya kuelewa mifumo hiyo. Dahl ndiye aliyejua kuigeuza kiu hiyo kuwa lugha ya programu. Lugha yao ya kwanza, Simula, ilifanya kazi, ila iliwalazimu kuandika mambo yale yale mara nyingi. Ufumbuzi uliwajia walipokuwa wakifikiria kibanda cha kutozea ushuru darajani, na foleni ya magari mbele yake, mengine malori, mengine mabasi. Lori na basi vina tofauti zake, lakini kwenye foleni vyote ni kitu kimoja: kinachosubiri, kilicho na mwenzake mbele na mwenzake nyuma. Basi kwa nini tusiandike mara moja tu maana ya kuwa kwenye foleni, halafu lori na basi virithi?

Hapo ndipo urithi, ambao leo wanafunzi wanaukariri kwa ajili ya mtihani, ulipozaliwa. Nimesimama mara nyingi kwenye mizani ya barabara kuu, ndani ya basi, malori yametutangulia, na kila mara namkumbuka Dahl. Mei 1967 waliiwasilisha lugha mpya, Simula 67, kwenye mkutano uliofanyika Lysebu, nje kidogo ya Oslo. Ndani yake mlikuwamo karibu kila tunachokiita leo programu za vitu.

Ili lori lijue nani yuko mbele yake, linahitaji rejeleo. Fikiria rejeleo kama kikaratasi chenye anwani. Kitu chenyewe hakimo kwenye karatasi. Karatasi inakwambia tu kilipo. Wazo hili Wanorwei walilipata kwa Mwingereza Tony Hoare, ambaye mwaka 1965 alichapisha makala kuhusu namna ya kushika rekodi ndani ya lugha za programu. Hoare alitaka kila karatasi ya namna hii iwe salama: kabla programu haijaanza kazi, mkusanyaji wa lugha ahakikishe kwamba anwani iliyoandikwa inaelekea kwenye nyumba ya aina inayotakiwa.

Sasa lile lori la kwanza kabisa kwenye foleni, mbele yake yuko nani? Hakuna. Karatasi yake iandikwe nini?

Hoare akaruhusu karatasi tupu. Wataalamu wanaiita nali. Ilikuwa rahisi kuitengeneza, na mwenyewe alikiri baadaye kwamba urahisi huo ndio uliomshinda. Tatizo ni kwamba karatasi tupu inapita kila mlango kama karatasi halali. Mkusanyaji haioni. Inakuja kuonekana siku ukimkabidhi bodaboda karatasi hiyo na kumwambia apeleke mzigo: anaifungua katikati ya barabara, haina anwani, anasimama hapo hapo na msafara wote unasimama nyuma yake. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa wataalamu wa programu London, Hoare aliliita wazo lake kosa la dola bilioni moja, akimaanisha hasara na maumivu ambayo huenda yalisababishwa nalo kwa miaka 40. Mtu huyu ndiye aliyetupa mojawapo ya njia za haraka zaidi za kupanga orodha, na alikuwa ameshapokea tuzo ya Turing mwaka 1980. Hakulazimika kusema chochote. Mimi humheshimu zaidi kwa hotuba ile kuliko kwa tuzo.

Simula ilivuka bahari kwa njia ya kuchekesha. Mwaka 1966 Alan Kay, mwanafunzi mpya wa Chuo Kikuu cha Utah, alipewa programu na kuambiwa ni lugha ya Algol, ila haifanyi kazi, airekebishe. Nyaraka zake zilisomeka kama Kinorwei kilichovalishwa Kiingereza. Yeye na mwenzake wakazitandaza karatasi za msimbo kwenye korido, futi 80, wakawa wanatambaa juu yake wakipigiana kelele kila walipogundua jambo. Ilikuwa Simula. Kutokana na ile korido, na baadaye kazi ya Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao katika maabara ya Xerox kule Palo Alto, ilikuja Smalltalk, na pamoja nayo madirisha, menyu na kipanya kama tunavyovijua.

Smalltalk ilikuwa na adabu kuhusu utupu. Kwake hata hakuna-kitu ni kitu. Ukikitumia ujumbe kisichoweza kuuelewa, kinakujibu kwamba hakikuelewa. Bado ni hitilafu, lakini angalau kuna aliyeipokea.

Palo Alto hiyo hiyo alifika Mnorwei mwingine, Trygve Reenskaug, mgeni wa mwaka mmoja kuanzia 1978. Alikuwa ametumia miaka mingi kutengeneza programu za viwanda vya kujenga meli, ambako mpangaji mmoja anahitaji kuitazama taarifa ile ile kwa sura nyingi. Akapendekeza tutenganishe mambo: data ikae peke yake, kinachoonekana kwenye skrini kikae peke yake, na kinachopokea amri za mtumiaji kikae peke yake. Mwaka 1979 aliliandika wazo hilo katika maelezo mafupi, na limeishi kuliko karibu kila programu iliyoandikwa mwaka huo.

Mimi mwaka 2014 nilikuwa nimeliweka kila kitu ndani ya kitufe. Kitufe cha kuhifadhi kilisoma dirisha, kilihesabu bei, kilifungua hifadhidata, kilipunguza stoo, kilichapisha risiti. Visual Basic ya mwaka 1991 na Delphi ya mwaka 1995 ndizo zilizotufundisha tabia hii: unachora kitufe, unakibofya mara mbili, msimbo unaandikwa hapo hapo. Sizilaumu. Bila urahisi huo maduka mengi yasingepata programu kabisa. Lakini kitufe cha ripoti kilipokuwa kikihesabu mauzo ya mwezi, dawa moja baada ya nyingine, dirisha liliganda na kupauka, Windows ikasema halijibu. Binti alibonyeza tena. Na tena. Mibonyezo yote ilikwenda kwenye foleni, maana dirisha la Windows nalo lina foleni ya ujumbe na mhudumu mmoja tu wa kuihudumia, na mhudumu yule nilikuwa nimemtuma stoo akahesabu. Aliporudi aliihudumia foleni yote kwa utii. Ripoti sita zilichapishwa, kurasa kumi na mbili kila moja.

Hilo nililitatua kwa kuikabidhi hesabu kwa uzi mwingine, nikapata hitilafu mpya iliyonikataza kugusa dirisha kutoka uzi ambao haukuliumba, nikaitatua na hiyo. Ni matatizo ya kawaida, yana majibu ya kawaida. Wale waandishi wanne wa kitabu cha ruwaza za usanifu cha mwaka 1994, Gamma, Helm, Johnson na Vlissides, walikusanya majibu 23 ya aina hiyo, wakiiga wazo la msanifu majengo Christopher Alexander, na kizazi kizima kikajifunza humo.

Kile kisanduku cha kijivu nilikitatua vibaya. Niliizungushia kila hesabu ya stoo mtego wa hitilafu, na ndani ya mtego nikaandika: ikitokea lolote, nyamaza, onyesha sifuri. Kisanduku hakikuonekana tena. Mama mdogo alifurahi, na mimi nikarudi chuoni.

Wiki chache baadaye, saa tatu usiku, alikuja mama mmoja wa mtaani akitafuta dawa ya pumu ya kupulizia kwa ajili ya mwanawe. Binti alitafuta kwenye skrini, akaona sifuri, akamwambia imekwisha. Asubuhi mama mdogo alizikuta kopo nne kwenye rafu. Zilikuwa zimefika siku hiyo. Zilipoingizwa, mtu hakuchagua kundi la dawa, kwa hiyo rekodi yake ya stoo haikuwahi kuundwa. Programu ilipoiulizia ilikuta karatasi tupu, mtego ukafanya kazi yake, ukanyamaza, ukaonyesha sifuri. Mtoto alipelekwa hospitali usiku ule ule, na alipona. Niliambiwa haya kwa sauti ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyoniuma.

Niliporudi likizo mama mdogo alinifungulia daftari alilokuwa akitumia kabla yangu. Kwenye safu ya idadi mlikuwa na namba, mlikuwa na sifuri, na mlikuwa na vistari vifupi. Nikamuuliza vistari ni nini.

"Sifuri ni zimekwisha. Kistari ni sijahesabu."

Alifunga daftari akaenda kumhudumia mteja.

Lugha zenyewe zilichelewa kufika hapo. Kotlin, iliyotoka rasmi mwaka 2016, inamlazimisha mwandishi aseme mapema kama rejeleo linaweza kuwa tupu: anaweka alama ya kuuliza kando ya aina. Asipoiweka, utupu hauruhusiwi. Akiiweka, mkusanyaji hamwachi atumie thamani ile mpaka ameikagua. C# ilipata alama kama hiyo mwaka 2019, ila kwa sharti uiwashe, na hata ukiiwasha inakuonya tu. Ni kile Hoare alichokitaka mwaka 1965.

Nygaard na Dahl walifariki mwaka 2002, wakiwa wamepishana wiki chache. Nygaard hakuishia kwenye Simula. Miaka ya 1970 alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norwei, akisisitiza kwamba watakaoutumia mfumo wawe na sauti katika kuutengeneza. Mkondo huo wa fikra, kupitia Chuo Kikuu cha Oslo na washirika wake wa Afrika Kusini, uliingia katika mfumo wa taarifa za afya ambao toleo lake la kwanza lilikuwa programu ya mezani na la pili, DHIS2, linatumika sasa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Nimewahi kukaa mbele yake. Kuna mpangilio mmoja mdogo humo ambao watu wengi wanaupita bila kuutazama: kwa kawaida mfumo hauhifadhi sifuri, mpaka uuelekeze kwamba kwa takwimu hii sifuri ina maana. Zahanati iliyoandika kwamba mwezi huu hakuna mtoto aliyefariki, na zahanati iliyoacha kisanduku kitupu, zinaweza kufanana kabisa machoni pa aliyeko wilayani. Kuna mtu lazima aamue mapema ni takwimu zipi haziruhusiwi kufanana hivyo.

Programu ya duka niliiandika upya likizo ile. Mitego yote niliitoa. Dawa isiyo na rekodi ya stoo sasa inaonyesha kistari, chekundu, na dirisha la mauzo linamwambia muuzaji aende kwenye rafu akahesabu kabla ya kumjibu mteja. Binti alilalamika kwamba inamchelewesha, na ni kweli inamchelewesha. Mama mdogo aliijaribu kwa dawa tatu, akatikisa kichwa kukubali, kisha akaziandika zote tatu kwenye daftari, ambalo kumbe hakuwahi kuliacha.