Nyigu wa Kabichi na Safari Yake

Mkulima wa mboga ana maadui wengi, walakini katika historia ya kabichi wachache wamemtia hasara kama yule nondo mdogo wa kijivu ambaye wataalamu humwita Plutella xylostella. Kiwavi wake hula jani kwa upande wa chini, akaacha utando mwembamba kama kioo, na kabichi ya namna hiyo haipati mnunuzi sokoni.

Ilidhaniwa ya kuwa sumu za viwandani zingemmaliza. La, haikuwa hivyo. Huko Java, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilionekana kwamba DDT haimwui tena. Wakulima wa nchi nyingi wakazidisha dawa, gharama ikapanda, na kiwavi akabaki shambani. Tena sumu ile ile iliwaua wadudu waliokuwa wakimwinda.

Mmoja wa hao ni nyigu mdogo aitwaye Diadegma semiclausum, asiyemdhuru mtu. Hutaga yai ndani ya kiwavi, na mtoto wa nyigu humla mwenyeji wake kutoka ndani. Nyigu huyu alitolewa Uingereza akapelekwa New Zealand katika miaka ya 1930, na mwaka 1950 akafikishwa Java. Huko alikaa miaka mingi bila kuleta faida kubwa, kwa kuwa kila alipozaana bomba la sumu lilimfyeka. Nadhani hiyo ndiyo sehemu ya habari hii inayostahili kusomwa mara mbili. Sumu kali zilipopunguzwa, na mahali pake ikatumika dawa ya bakteria iitwayo Bt, iuayo viwavi na kuwaacha nyigu, ndipo kazi yake ilipoonekana.

Kutoka Java alifika Taiwan, na kutoka Taiwan, mwaka 2001, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE cha Nairobi kikamleta Kenya. Mwaka 2002 aliachiliwa Wundanyi, katika milima ya Taita. Haikupita miaka mingi, viwavi waliokuwa zaidi ya 5 kwa kila mche wakapungua hata chini ya 1.

Bt nayo haifai kumwagwa ovyo, maana mwaka 1990 ilitangazwa kwamba nondo wa Hawaii wameizoea. Maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa hayamwangushi kiwavi papo hapo. Humwondolea hamu ya kula na kumzuia asijivue ngozi. Mwenye haraka huyadharau.

Yafaa wanachama wafahamu kwamba nyigu hajui mpaka wa shamba. Mmoja akinyunyiza sumu kali, huua nyigu wa majirani zake wote, hata wale waliojizuia msimu mzima. Isitoshe, nyigu huyu hupenda baridi ya milimani. Kwa ajili ya mabonde yenye joto ilibidi aletwe mwingine kutoka Afrika Kusini, aitwaye Cotesia vestalis.