Insulini: Ilivyopatikana na Sababu ya Kutoiacha

 

Leo tunazungumza kuhusu sindano ya insulini. Wengi huiogopa. Utasikia mtu akisema, "Akianza sindano, ujue amefika mwisho." Mzazi mwingine humdunga mtoto kwa miezi michache, kisha akimwona amenenepa na kurudi shuleni, anaiacha akidhani amepona. Mawazo haya yameua watu. Ili tuelewe kwa nini, turudi nyuma tuone watu walivyoishi kabla ya insulini, na jinsi madaktari na watafiti walivyoipata.

Nyuma ya mfuko wa chakula kuna kiungo kinachoitwa kongosho. Mwaka wa 1869, mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, Paul Langerhans, alilitazama kongosho kwa hadubini akaona vikundi vya chembe ndogo vilivyotawanyika kama visiwa. Hakujua kazi yake. Mwaka wa 1889, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho. Mbwa huyo akaanza kukojoa mara kwa mara, na mkojo wake ulipopimwa ulikuwa na sukari. Alikuwa amepata kisukari.

Hapo watafiti wakajua kwamba kongosho lina kitu kinachoongoza sukari mwilini. Kitu hicho ni homoni, yaani mjumbe anayesafiri katika damu. Baadaye kiliitwa insulini, jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa. Insulini ni kama ufunguo. Huufungulia mlango sukari iliyo kwenye damu, ikaingia katika chembe za mwili na kutupa nguvu. Ufunguo ukikosekana, sukari hujaa kwenye damu huku mwili ukifa njaa.

Lakini kujua kwamba ufunguo upo si kuushika mkononi. Zaidi ya miaka 30 ilipita. Wakati huo daktari mashuhuri wa kisukari nchini Marekani, Frederick Allen, aliwatibu wagonjwa kwa kuwapunguzia chakula kabisa. Hakuwa mkatili. Hapakuwa na njia nyingine. Watoto walibaki mifupa na ngozi ili waongezewe miezi, au mwaka mmoja au miwili. Mzazi alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: mtoto auawe na kisukari upesi, au akonde kwa njaa polepole.

Mwezi wa Oktoba 1920, daktari wa upasuaji wa Kanada, Frederick Banting, aliyekuwa na umri wa miaka 28, alipata wazo la kukitoa kitu hicho kwenye kongosho la mnyama. Mwaka wa 1921 Profesa John Macleod wa Chuo Kikuu cha Toronto alimpa chumba cha utafiti, mbwa wa majaribio, na msaidizi kijana aliyeitwa Charles Best. Mwishoni mwa mwaka huo akaongezeka James Collip, mtaalamu wa kemia ya mwili. Hawakuwa peke yao duniani. Huko Romania, Nicolae Paulescu alikuwa amechapisha utafiti wake kuhusu jambo hilo hilo mwaka huo wa 1921.

Tarehe 11 Januari 1922, mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa sindano ya kwanza katika hospitali kuu ya Toronto. Alikuwa na uzito wa kilo 29 hivi. Sindano hiyo haikufaulu. Sukari ilishuka kidogo tu, na mahali alipodungwa pakavimba usaha, kwa maana dawa haikuwa safi. Collip alikesha akiisafisha. Siku 12 baadaye, tarehe 23 Januari, Leonard alidungwa tena. Safari hii sukari ilishuka karibu na kiwango cha kawaida, na mvulana akapata nguvu. Aliishi hadi mwaka wa 1935.

Mwaka wa 1923 Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel. Kulikuwa na ugomvi mkubwa kuhusu nani astahili sifa. Banting akagawana fedha zake na Best, naye Macleod akagawana zake na Collip. Hataza ya insulini iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kwa kila mvumbuzi, ili mtu yeyote asiifungie dawa hiyo.

Sasa, mpenzi msikilizaji, msikilize daktari mmoja aliyekuwa pia mgonjwa. Robin Lawrence wa Uingereza aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka wa 1920. Alikwenda Florence, Italia, akingoja kifo mbali na jamaa zake. Mwaka wa 1923 rafiki yake wa hospitalini London alimpelekea habari kwamba insulini imepatikana na inafanya kazi. Akaendesha gari akiwa hoi mpaka London, akadungwa. Alifungua kliniki ya kisukari, akawaandikia wagonjwa vitabu, na mwaka wa 1950 akawa rais wa kwanza wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari. Alifariki mwaka wa 1968. Alijidunga kwa miaka 45. Je, huyo alikuwa amefika mwisho mwaka wa 1923? La hasha! Ndipo alipoanza.

Historia hii inatufundisha nini? Insulini haiponyi kisukari. Inarudisha kile ambacho mwili umekosa. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza anaonekana mzima kwa sababu anadungwa. Ukiiacha sindano, unamrudisha katika siku za kabla ya 1922. Omba Mungu, lakini sindano iendelee. Anayekuuzia mizizi akikwambia uache insulini, mkatae.

Ujue pia dalili hizi: kiu isiyokatika, kukojoa sana, na kukonda huku mtu anakula. Mtoto aliyekuwa amezoea kulala bila kukojoa kitandani akianza tena, mpeleke apimwe sukari. Akitapika, akihema kwa nguvu na pumzi yake ikinuka kama matunda, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Na anayetumia insulini akitetemeka na kutoka jasho, huenda sukari imeshuka. Ikiwa anaweza kumeza, mpe sukari au soda yenye sukari, kisha ale chakula.

Kama huna friji, muulize muuguzi jinsi ya kuihifadhi insulini kwenye chungu chenye ubaridi. Kama bei inakulemea, usipunguze dozi kimyakimya. Sema kliniki, uulize kama kuna mpango wa kusaidia.

Kila tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting, ni Siku ya Kisukari Duniani. Usingoje siku hiyo. Ukimjua mtu aliyeiacha sindano, mwendee leo umweleze habari za Leonard.